Blanketi la Jecinta na Zaburi Ndefu

Jecinta, muuza viatu vya mitumba Gikomba, alikuwa amekuwa msahaulifu ajabu. Juzi alimpa mteja mmoja viatu viwili vya kushoto na mwingine viwili vya kulia, wakakutana sokoni Muthurwa wakabadilishana wenyewe!

Mchawi wake alikuwa mulika mwizi, ile taa ndefu ya mtaani, iliyomwaga mwanga chumbani mwake Shauri Moyo mpaka kunguni wakatamani miwani. Jecinta aliishukuru: stima ya bure ya kukariri Zaburi ya mia na kumi na tisa usiku kucha. Mashindano ya kukariri ya akina mama wa kanisa yalikuwa yamekaribia, na Shauri Moyo haikuwahi kuwashinda jirani zao wa Buruburu. Lakini alichokariri usiku, asubuhi kilikuwa kimehama.

"Anti, unateka maji kwa pakacha," alisema Shirleen, binti wa kakake, aliyesomea uuguzi. "Giza likiingia, ubongo hutoa homoni ya usingizi. Wataalamu wanasema huenda inasaidia kuhifadhi tulichojifunza. Mwangaza unaifukuza."

"Ngai! Kumbe nimeifukuza kama askari wa kanjo wanavyofukuza wachuuzi?"

Wakapigilia blanketi zito dirishani. Jecinta akawa anakariri mchana mezani pa viatu, jioni analala fofofo. Ikawa akiamka, mistari imetulia pale pale kama wapangaji waliolipa kodi!

Ila blanketi halijui Jumapili. Siku yenyewe ya mashindano alifumbua macho, akaona giza, akageukia ukutani.

"Anti!" Shirleen alibisha mlango nusura aung'oe. "Kumekucha zamani! Wanaita majina!"

Jecinta alichomoka na kiatu cheusi mguu huu, cha kahawia ule, akaanza kukariri hapo hapo kizingitini, maana Zaburi yenyewe ni ndefu kuliko Jogoo Road. Wauza mboga za sukuma wiki waliacha visu, mafundi wakashusha nyundo, umati ukamfuata. Aliingia kanisani yuko katikati ya Zaburi, wala hakumeza mate hadi mstari wa mwisho.

"Safi," alisema mwamuzi, Mzee Phares, mstaafu wa reli. "Lakini nusu ya kwanza nani aliisikiliza na Biblia mkononi?"

 Jecinta akaugeukia umati uliomfuata: mikono mitupu.

"Mimi!" Adoyo, bingwa wa Buruburu, alijipenyeza akihema, Biblia wazi mkononi. "Nilienda kwake kuona kama ameogopa. Nimemwandama tangu mlangoni nikingoja akosee. Mama huyu hakuacha hata neno!"

Mzee Phares akaikubali Zaburi nzima, na vigelegele nusura viezue mabati. Adoyo akamvuta Jecinta kando.

"Haya, nyar mama, dada yangu, dawa ni gani?"

"Blanketi dirishani," Jecinta akacheka. "Lakini nunua na saa ya kengele."