Huguette Awatetea Wachina

Huguette, Mkongomani muuza vitenge wa Nakivubo jijini Kampala, alikuwa akimwapia mteja wake Anena kwamba kitenge kile kimetoka Uholanzi, mara televisheni ya dukani ikaonyesha Wachina watatu wakirushwa angani kwa roketi.

"Maskini," Anena akasema. "Vitu vya China havidumu. Watarudi salama kweli?"

Maneno yale yalimchoma Huguette. "Usiwadharau, mama! Wachina ni mafundi. Hata kitenge hiki wamekitengeneza wao. Changu nimekifua miaka na hakijapauka!"

Anena akakitazama kitenge, kisha akamtazama yeye.

Huguette akajishika mdomo, halafu akaangua kicheko mpaka machozi yakamtoka. "Yesu wangu! Wenzangu wanafika angani, mimi hata uongo mmoja nimeshindwa kuufikisha mlangoni!"

Anena alikinunua, ila kwa bei ya China.