Maji Gramu Thelathini na Sita

Wanafunzi walimwita Rejea Ukurasa, na jina hilo mhadhiri wa kemia wa mwaka wa kwanza alilipata kwa jasho lake mwenyewe. Miaka kumi na tisa alikuwa amefundisha somo lilelile, kwenye ubao uleule wenye ufa katikati, na kila mwaka wageni walimletea maswali yaleyale kana kwamba wameachiana urithi. Moli ni kitu gani hasa? Kwa nini tunamimina asidi kwenye maji, si maji kwenye asidi? Kichocheo kikishaharakisha kazi, chenyewe kinakwenda wapi? Kikokotoo kimenipa tarakimu tisa, niandike ngapi? Na lile la kila Jumatatu, ambalo hata si la kemia: mwalimu, hii itatoka kwenye mtihani?

Mwaka wa kumi na tano uvumilivu ulimwishia. Alikaa likizo nzima akaandika kijitabu, Maswali Arobaini na Majibu Yake, kurasa ishirini na sita zilizobanwa kwa pini mbili, na mwanzoni kabisa akaweka kwa herufi nene: "Kabla hujagonga mlango wangu, soma kwanza humu." Tangu hapo aliyethubutu kugonga alikutana na jibu la aina moja. Mhadhiri hakuinua hata kichwa. "Rejea ukurasa wa tisa." "Rejea ukurasa wa ishirini." Kurasa zote alizijua kwa moyo, na jambo hilo alijivunia kuliko shahada yake ya uzamivu. Leo akikumbuka hutamani ardhi ipasuke immeze, kijitabu na vyote.

Dawa ikaponya kupita kiasi. Wanafunzi waliacha kuja. Mwaka wa kwanza alifurahi, akasoma majarida. Mwaka wa pili akaanza kuisikia saa ya ukutani. Ilipofika mwaka wa nne, Jumanne na Alhamisi, saa nane hadi saa kumi, mhadhiri alikaa peke yake katika chumba chenye kabati la mafaili, sinki la bomba linalovuja, na kiti cha mgeni kilichojaa makaratasi kwa kukosa mgeni. Ng'ambo ya ujia, kwa mwalimu wa fizikia, foleni ilifika kwenye ngazi, tena watu walikuwa wanacheka humo. Fizikia inachekesha nini? Aliumia, na hakuwa na wa kumwambia ila mkewe.

Mkewe alikuwa muuguzi, na kwa kazi yake hakuwa mtu wa kubembeleza wasioumwa. "Uliomba wakuache," alisema huku akikunja mashuka. "Wamekuacha. Sasa unanuna nini, baba watoto?"

"Sinuni."

"Unanuna. Tena kwa ratiba, Jumanne na Alhamisi. Si ufungue mlango uwaambie karibuni?"

Mtu wa kawaida angefanya hivyo. Lakini huyu alikuwa msomi, na msomi akitaka kuvuka kijito lazima kwanza abuni daraja. Aliona kusema "karibuni" ni kujishusha. Badala yake akatega mtego.

Swali la kumi na saba, ukurasa wa kumi na moja, liliuliza hivi: vitu viwili vikikutana na kuungana, kipi kitaisha kwanza? Jibu lake la zamani lilikuwa zuri. Lilieleza kwamba usihesabu gramu, hesabu moli, kisha tazama kila kimoja kinahitaji kingapi cha mwenzake, kama fundi mwenye fremu kumi na magurudumu kumi na mawili, ambaye ataunda baiskeli sita tu ingawa magurudumu ndiyo mengi. Katika chapa mpya mhadhiri alilifuta lote, fundi na baiskeli zake, akaandika: "Kinachoisha kwanza ni kile chenye gramu chache."

Ulikuwa uongo wa mchana kweupe. Mwanafunzi yeyote mwenye kalamu na dakika tano angeugundua, na akiugundua angekuja mbio. Mhadhiri angejifanya ameshtuka, angepekua kijitabu, angesema, "Ala! Umenishika!" kisha wangezungumza. Aliondoa makaratasi kwenye kiti cha mgeni. Alifanya mazoezi ya kushtuka mbele ya kioo cha juu ya sinki, mara tatu, mtu mzima mwenye mvi. Darasani aliipitia mada hiyo haraka haraka na kumalizia kwa "mengine yamo kijitabuni." Alijiahidi kwamba wiki ya tatu, waje wasije, angetangaza sahihisho.

Wiki ya tatu ilipita, ya nne ikapita. Hakuna aliyekuja, ukiondoa mmoja aliyegonga siku mhadhiri alipokuwa amezama kwenye ripoti ya idara, akahudumiwa kama ilivyo desturi, akaenda zake. Sahihisho nalo likawa la wiki ijayo, kila wiki. Kulitangaza kulimaanisha kukiri kwamba alikuwa ameketi miezi akiwangoja watu ambao hata hawakujua kwamba wanangojwa, na kiburi chake, kilichokuwa kikubwa kuliko ukumbi, hakikukubali.

Mtihani ulitungwa na mkuu wa idara, mama mwenye sauti ya upole na kalamu isiyo na huruma. Mhadhiri aliuona kwa mara ya kwanza alipokuwa anaugawa ukumbini. Swali la tatu: haidrojeni gramu nne imeunganishwa na oksijeni gramu kumi na sita, je, yatapatikana maji gramu ngapi? Alama ishirini. Angeweza kusimama palepale akasema, jamani, ukurasa wa kumi na moja si kweli. Dakika mbili tu. Alifungua mdomo, akaona vichwa mia mbili na kumi na viwili vimeinama, akaufunga. Uoga aliupa jina la utaratibu: mtihani ukishaanza, mtu haongei.

Jumamosi asubuhi alikaa mezani nyumbani kusahihisha. Karatasi ya kwanza: haidrojeni ina gramu chache, basi ndiyo itakayoisha kwanza, basi maji ni gramu thelathini na sita. Karatasi ya pili: thelathini na sita. Ya ishirini: thelathini na sita, imepigiwa mistari miwili chini kwa kujiamini. Vitu vya gramu ishirini viliingia, maji ya gramu thelathini na sita yakatoka. Angekuwa mtume, si mhadhiri.

Mkewe alipita na kikombe, akainama kutazama. "Mimi si mkemia. Lakini ukitia ishirini, zinatokaje thelathini na sita?"

"Ndivyo walivyofundishwa."

"Na mjinga gani?"

Mhadhiri aliendelea kuitazama kalamu yake. Mkewe alimtazama, akaelewa, akavuta kiti taratibu. "Makubwa haya," akasema. Wengi kati ya watoto hawa walitaka kusomea uuguzi na famasia, na mwenye kupoteza alama ishirini za kemia angerudi kwao na mkoba wake.

Njia ya kutokea ilikuwepo, na mhadhiri aliipata upesi, maana kwenye kujiokoa akili yake haikuwa na uzito. Angesema ni kosa la chapa. Mpiga chapa yuko mbali, hana mdomo katika baraza la idara. Kila mtu apewe alama zake ishirini, mambo yaishe, watu waende. Alianza hata kuandika sentensi yenyewe pembeni ya gazeti.

Karatasi ya mia moja sitini na moja ilimkatisha. Hapo mtu alikuwa amehesabu moli. Oksijeni nusu moli, ndiyo itakayoisha kwanza. Maji gramu kumi na nane. Haidrojeni gramu mbili imebaki. Kumi na nane na mbili ni ishirini, sawasawa na kilichoingia. Hesabu safi kama sahani iliyooshwa. Juu yake ulipita mstari mmoja ulionyooka, wa rula, na chini yake ikaandikwa: gramu thelathini na sita. Kisha kwa herufi ndogo: "Najua jibu hili la pili si sahihi. Nilikuja ofisini kuuliza juu ya swali la kumi na saba, nikaambiwa nirejee ukurasa wa kumi na moja. Nimerejea."

Mhadhiri aliisoma mara nne. Alijaribu kuikumbuka sura ya aliyegonga siku ile ya ripoti, akakosa, kwa sababu hakuinua kichwa. Alichokumbuka ni viatu vya raba mlangoni, kamba moja nyeupe na nyingine ya bluu, vikigeuka kuondoka. Muhula mzima alikuwa amelala mlangoni pa mtego wake, na mgeni wake wa pekee alipofika, yeye mwenyewe ndiye aliyemfukuza. Aliona aibu, aibu kavu isiyo na machozi, ile inayomfanya mtu aangalie kama kuna anayemwona. Mkewe alikuwa anamwona.

Jumatatu akapiga moyo konde, akaenda kwa mkuu wa idara.

"Nimekwisha kuuona ukurasa wa kumi na moja," mama yule alisema. "Kosa la chapa, bila shaka. Niandikie mistari miwili tufunge."

Mlango ulifunguliwa wazi hivyo, na mhadhiri alisikia miguu yake ikitaka kupita. "Si la chapa, mkuu. Niliandika mwenyewe, kwa makusudi."

Mama alivua miwani. "Ili iweje?"

"Ili waje kuniuliza."

Alipojisikia akilisema kwa sauti alijua lilivyo: neno la mtoto wa miaka sita. Mkuu akatoa hukumu kwa upole wake uleule. Swali hilo litarudiwa na darasa zima. Barua ya onyo itaandikwa. Kama mwakani atabaki na mwaka wa kwanza, baraza litaamua. Na wanafunzi atawaambia yeye, kwa mdomo wake.

Aliwaambia siku hiyohiyo, amesimama mbele ya ufa wa ubao. Hakupamba. Aliposema kwamba alikuwa akiwangoja Jumanne na Alhamisi, sauti ikatoka nyuma: "Kumbe mtego wa panya umemnasa mwenye nyumba!" Kicheko kikapasuka, na mhadhiri naye akacheka, ingawa macho yalimwasha. Wengine hawakucheka. Mmoja alitoka nje na kuubamiza mlango, na alikuwa na haki yake.

Kesho yake, saa nane na robo, mlango wa ofisi uligongwa. Mhadhiri aliinua kichwa upesi hadi shingo ikamwuma. Viatu vya raba, kamba nyeupe na ya bluu. Juu yake msichana mrefu, mwembamba, amekumbatia daftari.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Karibu, karibu ukae. Na mimi nakuomba radhi, wewe kuliko wote."

Msichana aliketi ukingoni mwa kiti. "Nina swali. Si la kemia sana."

"Uliza."

"Ungekuwa wewe ndiye mimi, siku ya mtihani, jibu la kweli unalo na la kijitabu unalo. Ungeandika lipi?"

Mhadhiri alijua jibu ambalo walimu hulitoa hapo, lile la ukweli kwanza, na lilikuwa limeshafika ncha ya ulimi. Alilimeza.

"La kijitabu," akasema. "Tena nisingekata chochote, kwa sababu lile la kweli nisingekuwa nalo. Mimi tangu shule ya msingi, nilichoambiwa ndicho nilichoandika. Ndivyo nilivyopata shahada, daraja la kwanza."

Alitegemea msichana atacheka, kwani alikuwa amelisema kwa namna ya kuchekesha. Msichana hakucheka. Alimtazama kwa makini, kama anavyotazamwa mtu aliyeugua kwa miaka bila kujua.

"Pole, mwalimu," akasema.

Mhadhiri akaitikia, "Asante."