Inchi Nne Juu ya Ndoo

Alhamisi moja, saa tatu kasoro dakika chache asubuhi, Mama Vifungo alikuwa anakunja pindo la suruali kwenye cherehani yake ya miguu wakati king'ora cha mji kilipolia mara moja. Akainuka. Mama yake mzazi, aliyekuwa kwenye kigoda karibu na mlango akichambua mchele, naye akainuka, huku ameshika ukuta, kwa sababu magoti yake yalikuwa na miaka themanini na miwili kama yeye mwenyewe.

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi. Mfalme akisimama, king'ora kinalia mara moja na nchi nzima inasimama. Mfalme akikaa, kinalia mara mbili na nchi nzima inakaa. Kwa kawaida alisimama kupokea mgeni au kunyoosha mgongo, dakika tano hivi, au kumi mgeni akiwa wa maneno mengi. Watu walishazoea. Walisimama na sindano mdomoni, na tonge mkononi, na povu la sabuni masikioni, kisha wakakaa tena na kuendelea na yao.

Siku hiyo king'ora hakikulia mara ya pili.

Jumamosi gazeti la serikali likaeleza. Mfalme alikuwa ameota jipu "katika upande wa nyuma wa Utukufu wake", madaktari walikuwa wanalifuatilia kwa karibu, na wananchi waliombwa kuwa na subira. Usiku mfalme alilala kifudifudi, king'ora kikalia mara tatu, watu wakalala. Alfajiri aliamka akasimama, na watu wakasimama. Kati ya kusimama na kulala hapakuwa na kitu kingine.

"Jipu gani hili lisiloiva?" aliuliza fundi viatu, jirani wa mlango wa pili, mwezi ulipotimia.

"La kifalme," alijibu Mama Vifungo. "Labda linasubiri kutawazwa."

Fundi viatu alicheka kidogo, halafu akaacha, maana kucheka kulimuuma kiuno. Siku hizo alikuwa anagongelea soli kwenye mwimo wa mlango, kiatu kimebanwa kwa goti. Mama Vifungo alishona mguu mmoja ukiwa chini na mwingine kwenye kikanyagio, anayumba kama korongo kwenye tope. Mwaka huo mji mzima ulivaa mishono iliyopinda, na kwa kuwa ilipinda ya wote, hakuna aliyerudisha nguo.

Mwezi wa pili viti vikaanza kuondoka. La kwanza lilikuwa benchi la zahanati. Yakafuata madawati ya shule, viti vya kinyozi, na makochi ya wenye makochi. Viliondoka mchana kweupe, vikishika upande mmoja wa barabara, bila haraka, na watu waliviachia njia. Vyote vilipanda kilima kuelekea kwa mfalme, na geti likafunguliwa. Kiti cha Mama Vifungo kiliondoka Jumatatu. Kigoda cha mama yake kilifuata nyuma kikichechemea, kwa sababu kilikuwa na miguu mitatu tu, na mmoja mfupi.

Bibi huyo alikisindikiza kwa macho hadi kwenye kona.

"Miaka arobaini nimekikalia," alisema, "na hakikuaga."

Jumanne ya wiki iliyofuata, saa nne na robo asubuhi, bibi alisimamisha kidole juu ya sinia.

"Mwanangu," akaita, "nadhani nimekufa."

Mama Vifungo akaiacha suruali aliyokuwa anaishona, akaja, akamshika shingoni, akasikiliza kifua.

"Ni kweli, mama."

"Basi ngoja nimalizie mchele huu, umebaki kidogo."

Majirani walikuja kutoa pole wakiwa wamesimama. Fundi viatu alimpa pole Mama Vifungo, kisha akampa pole na marehemu, naye akaipokea. Shida ilikuwa moja tu. Bibi hakuweza kufa vizuri akiwa wima. Alijisikia, kama alivyosema mwenyewe, kama mtu aliyefika kwenye nyumba ya watu na hakuna anayemkaribisha ndani. Alihitaji kukaa kwanza, apumue, na baada ya hapo kulala kungekuja kwenyewe.

"Lala usiku, mama, king'ora kikilia mara tatu," binti yake alimwambia.

"Usiku ni wa kulala wenye kuamka. Mimi nikilala ndiyo basi. Alfajiri watanikuta bado nimelala, watakufunga wewe."

"Kaa basi hapa ndani, nimefunga mlango."

"Sijavunja sheria ya mtu nikiwa hai, nije niivunje nikiwa maiti?"

Alikuwa hivyo tangu zamani. Hata mbuzi wa jirani alipoingia shambani mwake, alimtoa kwa kumwomba.

Kwa hiyo ikabidi kutafuta Kibali cha Kukaa Kitako. Kilitolewa na ofisi karibu na posta, dirisha la tatu. Mama na binti walikwenda huko siku nne mfululizo, wakapanga foleni tangu asubuhi hadi dirisha lilipofungwa, bibi akichambua mchele uleule na Mama Vifungo akishona vifungo kwa mkono. Walibeba na ndoo ya bluu ya plastiki. Viti havikuwepo tena mjini, na ingekuwa aibu kibali kutoka halafu wakose pa kukalia.

Siku ya tano walifika dirishani. Karani alikuwa mzee mwenye kofia ya kufuma, na miwani aliyoifunga kwa uzi. Alikuwa amefanya kazi kwenye dirisha hilo miaka ishirini na miwili.

"Mwombaji ni nani?"

"Ni mama yangu."

"Yuko hai?"

"Alikuwa, mpaka Jumanne."

"Fomu hii ni ya walio hai. Ya marehemu ni ya kijani."

"Naomba ya kijani."

"Ya kijani lazima aje mwenyewe."

"Huyu hapa."

Karani alishusha miwani. "Shikamoo, bibi. Samahani, sikukuona."

"Marahaba, baba. Wala usijali, na mimi sijioni vizuri siku hizi."

Bibi aliweka dole gumba kwenye wino, kisha kwenye karatasi. Karani aligonga muhuri mara mbili. Ilibaki sahihi ya mkubwa wa ghorofani. Akachukua fomu, akageuka kupanda ngazi, na bila kufikiri, kwa sababu kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amemwambia maneno hayo kila mtu na mdomo wake ulikuwa unayatoa wenyewe, akasema:

"Haya, bibi. Keti hapo usubiri."

Ukumbi mzima ukageuka kumtazama. Karani alisikia alichokisema, akajifunika mdomo kwa fomu ya kijani.

"Umesikia?" bibi alimwuliza binti yake. "Serikali imesema."

Aliipindua ndoo, akaipangusa kitako kwa kiganja, akakusanya gauni, akaanza kushuka. Mama Vifungo alimshika kiwiko. Magoti yalilia kama mlango wa ghala. Watu wa foleni, kama sitini hivi, walimtazama anavyoshuka, na wengine walianza kukunja magoti yao kidogo bila kujijua. Zilibaki inchi nne. Hapo askari wa mlangoni alikuja, si kwa hasira, kama mtu anayesogeza kopo njiani, akaipiga ndoo teke. Ndoo ikabiringika hadi ukutani.

Bibi hakuanguka. Idhini ya kukaa alikuwa nayo, pa kukalia hakuwa napo, na hakuna aliyemwamuru asimame tena. Akabaki hapo alipofika, magoti yamekunjwa, gauni limekusanywa, chini yake hewa tupu.

"Mwanangu, ndoo iko wapi?"

"Imepigwa teke, mama."

"Aa," alisema bibi.

Fundi viatu alikuwa mtu wa saba kwenye foleni. Alitazama ile nafasi chini ya gauni la bibi kwa muda mrefu, kama anavyotazama kiatu ambacho hajui aanzie wapi. Kisha akakaa sakafuni.

"Nimekaa," alisema, kwa sauti ya mtu anayetaja jina lake.

Askari alimpiga rungu la bega. Fundi viatu aliendelea kukaa. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni akakaa, na kinyozi, na walimu wawili, na mtu ambaye hakuwa na shida yoyote pale, aliyekuja kuuliza njia. Askari alipiga huyu na huyu, kisha akaona ni wengi na rungu ni moja. Dirishani karani naye alikuwa anashuka taratibu, mpaka ikabaki kofia yake tu.

Walikaa kama nusu saa. Hakuna aliyehutubia. Kisha Mama Vifungo akasema anakwenda kwa mfalme, na wakainuka wote.

"Mama, narudi sasa hivi."

"Ukifika huko," bibi alisema kutoka hewani, "nichukulie kigoda changu."

Walioandika vitabu baadaye waliandika kwamba watu walichoshwa na njaa, na kodi, na jela. Njaa ilikuwepo kweli, na kodi, na jela, lakini vilikuwepo tangu enzi za babu zao, na babu zao walikufa vitandani mwao wakiwa watulivu kabisa. Walioandika vitabu hawakuwepo kwenye foleni. Waliokuwepo wanasema ilikuwa ile nafasi ya inchi nne. Ukishaiona, wanasema, huwezi tena kutazama mahali pengine.

Barabarani waliongezeka. Maduka yalifungwa, watu wakatoka na vyombo vya kazi mkononi kwa kuwa hawakukumbuka kuviweka chini. Hakuna aliyeimba. Walinzi wa geti walikuwa na miguu iliyovimba kama ya kila mtu. Walisogea pembeni, wakaegemea ukuta, wakateleza polepole hadi chini.

Uani vilikuwepo viti vyote vya nchi, vimepangwa safu kwa safu, vitupu, vimelielekea dirisha kubwa. Mfalme alikuwa amesimama dirishani. Alikuwa mtu wa kawaida, kandambili miguuni.

"Jipu linaendeleaje?" Mama Vifungo alimwuliza, maana alilelewa kumjulia hali mgonjwa kwanza.

"Lilipasuka wiki ya pili," alisema mfalme.

"Mbona hukukaa?"

Mfalme alifikiri. Ilionekana hakuna aliyewahi kumwuliza.

"Mlikuwa mmesimama vizuri," alisema.

Aliondoka jioni hiyo kwa mlango wa jikoni, amevaa aproni ya mpishi, na mpishi alilalamika sana kuhusu aproni. Mtu mmoja akapanda kwenye king'ora akakiliza mara mbili. Nchi nzima ikakaa chini, kwenye vumbi, kwenye ngazi, kwenye mawe. Hakuna aliyepiga vigelegele. Walikaa tu, macho mbele, kama watu walioshuka kwenye safari ndefu.

Ikaundwa Kamati ya watu saba. Fundi viatu akawa mwenyekiti, kwa kuwa ndiye aliyekaa wa kwanza. Viti havikurudi nyumbani, vilishazoea marumaru ya uani kwa mfalme. Kamati ilitangaza kwamba kila mwananchi atarudishiwa kiti chake baada ya kukitambua, kwa fomu ya njano, dirisha la tatu. Foleni ilikuwa ndefu, na ilibidi kuipanga watu wakiwa wamesimama.

Mama Vifungo hakungoja fomu. Alikwenda moja kwa moja kwa jirani yake, ofisini kwa Kamati. Alimkuta nyuma ya meza, kwenye kiti chenye mikono, miguu yake imepumzika juu ya kigoda cha miguu mitatu, mmoja mfupi.

"Jirani, hicho ni cha mama."

"Najua, jirani, nitakosaje kukijua?" alisema fundi viatu, kwa upole wa kweli. "Lakini unajua miguu yangu ilivyokuwa. Jaza ya njano. Nitaisaini mwenyewe, ikifika."

Bibi alibebwa nyumbani na wanaume wanne, kama meza, na kuwekwa mahali pake karibu na mlango. Kamati ilikuja kumtazama, ikampiga picha, ikamweka kwenye stempu. Ndoo ya bluu iliwekwa ndani ya kioo kwenye geti la mfalme, na kamba nyekundu mbele yake, na askari wa kuilinda. Ni yuleyule askari, alikuwa anaifahamu. Ikaamuliwa kwamba kwa kuwa bibi sasa ni Alama ya Taifa, mkao wake usibadilishwe mpaka Kamati ikutane kuujadili. Haijakutana. Wajumbe wanne wanaumwa migongo.

"Kaa tu, mama," Mama Vifungo alimwambia mara moja, ndoo nyingine, nyekundu, mkononi. "Mfalme hayupo."

"Nilianza kwa idhini, nitamaliza kwa idhini. Serikali mpya nayo ni serikali."

Basi kila Ijumaa, akishafagia vipande vya vitambaa, Mama Vifungo anaisogeza ile ndoo nyekundu chini ya mama yake, mahali pake hasa. Anavua utepe wa kupimia shingoni, anapiga goti, anapima.

"Ngapi?" anauliza bibi.

"Inchi nne."

"Ijumaa iliyopita?"

"Nne."

Bibi anaomba sinia lake. Mama Vifungo anampa, kisha anarudi kwenye cherehani, anaweka mguu mmoja chini na mwingine kwenye kikanyagio, na kuendelea kushona.