Mnyamwezi Habebwi

Ilikuwa Jumamosi ya thelathini na moja, kama hesabu yangu ni sawa. Nilikuwa nimelala chali chini ya Landrova ya Sabiri, mgongo juu ya kipande cha boksi, vumbi la mtaa wa Ipuli limenijaa mpaka kwenye nyusi. Nimechoka. Sisemi kuchoka kwa siku moja, kule kunakoisha ukioga. Nasema uchovu ule unaohamia mwilini kama mgeni asiyeaga.

"Mzaramo, umelala?"

"Nafikiri."

"Huwa unafikiri kwa kukoroma?"

Sabiri ni fundi seremala, Mnyamwezi wa hapahapa Tabora. Mimi ni Mzaramo wa Kisarawe. Nililetwa huku na ajira, nije na diploma yangu nifundishe vijana ufundi magari, nikasahau kurudi. Makabila yetu ni watani tangu enzi za misafara. Babu zake walikuwa wanabeba meno ya tembo kutoka huku mpaka pwani, miezi mitatu kwa miguu, na babu zangu walikuwa wanawasubiri kule wamekaa. Kwa hiyo miaka ishirini na mbili hii hajawahi kuniita kwa jina langu, Uwesu, wala mimi sijawahi kumwita kwa lake. Yeye kwangu ni Mnyamwezi, mimi kwake ni Mzaramo. Atakayetangulia kufa, mwenzake atakwenda kumtukana msibani, na hakuna atakayekasirika.

Landrova aliinunua kwenye mnada, ya jeshi, imeshapigika. Tukaivua turubai, tukang'oa vyuma vya kufungia redio, tukakwangua ile rangi ya kijani ambayo raia haruhusiwi kutembea nayo, tukaipaka rangi ya maziwa iliyobaki kwenye kupaka sebule yake. Nyuma tukachomelea vyuma vya kushikia ndoo za asali. Yote hayo yalikwisha mapema. Kilichotula miezi ni klachi.

Sabiri hana mguu wa kushoto kuanzia chini ya goti. Ana mizinga ya nyuki kule Ipole, ndani porini, aliyoachiwa na baba yake akaiongeza mwenyewe. Miaka miwili iliyopita alikanyaga mwiba hukohuko. Ana sukari, na sukari ilishautia mguu ganzi, hakusikia kitu. Alipokuja kuuona mwiba, mguu ulikuwa umeshaharibika, ukakatwa. Tangu hapo, misimu miwili, shemeji yake Idrisa ndiye anayempeleka Ipole, na bajaji ya mizigo, amepakiwa nyuma katikati ya ndoo, magongo yamefungwa kwa mpira. Aliporudi mara ya pili, jioni akaniambia neno moja tu.

"Mnyamwezi anabeba, habebwi. Msimu ujao naendesha mwenyewe."

Msimu ujao ndio huu. Asali iko tayari, na yeye ameshatangaza mtaa mzima kwamba Jumatatu anaondoka.

Mtu asiye na mguu wa kushoto hawezi kukanyaga klachi, kwa hiyo tukaihamishia mkononi. Jaribio la kwanza tulitumia mkono wa breki ya pikipiki, haukuwa na nguvu. La pili lilivunjika nikiwa nimekaa mimi, nikagonga banda la kuku. Kuku walinusurika, heshima yangu hapana. La tatu ndilo hili: hendibreki iliyong'olewa kwenye Korola iliyokufa, tumeifunga pembeni ya gia na kuiunganisha na masta, ile pampu ya klachi. Unaivuta juu, inajishika yenyewe kwa meno yake. Unahamisha mkono, unaingiza gia. Unarudi, unabonyeza kitufe, unaishusha taratibu, gari linaondoka. Nilipendekeza pedeli ya zamani tuiache, huwezi jua. Sabiri akachukua msumeno akaikata mwenyewe.

"Sitaki kuiona inanitazama."

Asubuhi ya Jumamosi hiyo tulikuwa tumebakiza nati moja tu, namba kumi na tatu, ya kufungia ile hendibreki. Ilikuwa mkononi mwa Sabiri, amekaa chini mlangoni mwa gari ananipa vifaa. Nikasema, "Lete nati." Akasema, "Nimekupa." Nikasema hujanipa. Tukaitafuta saa nzima. Tukafagia uwanja. Sikuzani, mkewe, akaacha mchele kwenye ungo akaja kusaidia.

"Shemeji, kwani lazima hiyo hiyo?"

"Lazima, shemeji. Mumeo akiondoka bila nati, klachi itabaki Ipuli, yeye atafika Ipole."

Mwishowe niliing'oa nyingine kwenye baiskeli yangu. Sitasema nilirudije nyumbani.

Adhuhuri tukawasha. Sabiri akapanda mwenyewe, akaweka magongo kando ya kiti, akavuta, akaingiza gia, akabonyeza, akashusha. Landrova ikatoka kama bibi harusi. Akazunguka uwanja mara moja, mara mbili. Sikuzani akapiga kigelegele, majirani wakachungulia juu ya ukuta. Mimi nilisimama pale na spana yangu, nimechoka, na furaha yote niliyokuwa nayo ilitosha kunifikisha kwenye kivuli.

Ila jicho langu halikai. Niliona kila anapotaka kukanyaga mafuta au breki, anainama kidogo anatazama mguu wake. Halafu injini inalia kuliko inavyotakiwa. Na kwenye kona ya choo alichelewa kufunga breki, akasimama hatua mbili kutoka ukutani. Nikajiambia hajaizoea. Nilitaka iwe hivyo. Jumamosi thelathini na moja, ndugu yangu, unataka iwe hivyo.

Alasiri ikaadhiniwa. Sabiri akakaa kwenye kigoda karibu na ndoo ya maji atawadhe. Hapo huwa namwambia Mnyamwezi ana bahati, nusu ya kazi keshasamehewa. Akanawa uso na mikono mpaka viwikoni, akavua raba ya mguu wa kulia, akaikung'uta.

Nati ikadondoka.

Ikagonga sakafu, ikabiringika, ikasimama kwenye ndoo. Namba kumi na tatu.

Sabiri akacheka mpaka akashika tumbo, akamwita mkewe. "Mama Ruaa, njoo uone, nati hii hapa. Tumefagia uwanja mzima, kumbe nimeivaa."

Nilikuwa na utani tayari mdomoni. Niliuona mguu wake, utani nikaumeza. Chini ya kidole gumba kulikuwa na shimo, pembe sita kabisa, kama limepigwa muhuri, na damu imegandia pembeni. Ametembea na chuma kile tangu asubuhi. Amezunguka uwanja, amepanda gari, amekanyaga mafuta na breki, uzito wote juu ya mguu huo mmoja.

Miezi yote tulikuwa tunautengenezea gari mguu ambao haupo. Huu uliopo hatukuuliza.

"Sabiri," nikasema.

Kicheko kikakatika. Akaniangalia, maji yanachuruzika kwenye viwiko.

"Umeniita jina langu."

"Ndiyo."

"Miaka yote hii."

"Umeisikia hiyo nati?"

Akautazama mguu wake, akabonyeza pembeni ya lile shimo kwa kidole, akabonyeza tena kwa nguvu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba aliyohama mwenyewe.

"Breki ulikuwa unaisikia?"

"Nilikuwa naiona," akasema taratibu. "Nikiitazama naiona."

"Na barabarani utatazama nini?"

Sikuzani alikuwa ameshafika, ungo bado mkononi. Aliuona mguu, akaweka ungo chini, akaingia ndani kuchukua kitambaa safi na ile kadi ya kliniki ya sukari.

"Nitanie basi," Sabiri akaniambia, sauti ya chini. "Sema kitu cha kipumbavu."

"Sina."

"Mzaramo akikosa upumbavu, ujue mambo yameharibika."

Aliswali amekaa. Tulimsubiri. Alipomaliza akafunga mguu kwa kile kitambaa, akachukua magongo, akaenda mpaka mlango wa dereva. Akasimama pale. Nikaona anavyoishika ile hendibreki kupitia dirishani, anaipapasa kama anavyopapasa ubao aliomaliza kuupiga randa. Kisha akalizunguka gari kwa mbele, polepole sana, gongo kwa gongo, akafungua mlango wa kushoto, akapanda.

"Haya," akasema. "Zahanati inafungwa saa kumi na mbili."

Nikapanda upande wa dereva. Mguu wangu wa kushoto, mzima, ukaenda wenyewe kutafuta klachi, ukakanyaga hewa.

"Uliikata," nikasema.

"Niliikata."

Nikavuta hendibreki, nikaingiza gia, nikabonyeza kitufe, nikaiachia haraka. Gari likaruka, likazima. Majirani bado walikuwa ukutani. Nikawasha tena. Likazima tena.

"Miguu miwili," Sabiri akasema akiangalia mbele. "Miguu miwili na diploma."

Mara ya nne tukatoka getini. Barabara ya Ipuli ina mashimo, na kila shimo lilitaka gia, na kila gia ilitaka mkono, mpaka bega langu likaanza kuwaka. Sikuzani nyuma, pale tulipochomelea vyuma vya ndoo, alishika vyuma hivyo kwa mikono miwili, kadi ya kliniki ameing'ata.

"Jumatatu imekufa," Sabiri akasema.

"Imekufa. Kidonda kwanza."

"Kikipona?"

"Kikipona tutakwenda Ipole."

"Tutakwenda," akarudia, kama anayeonja asali ya mzinga wa mtu mwingine. Tukavuka reli. "Leo Mzaramo anambeba Mnyamwezi. Babu zangu wangesema nini?"

"Wangeuliza Mzaramo alijifunzia wapi kubeba."

Akatoa pumzi puani. Hakucheka, lakini ilikuwa karibu.

Zahanatini nikazima injini, mkono wangu haufunguki. Sikuzani akashuka kwenda kuita muuguzi. Sabiri hakushuka. Alikuwa ameuinua mguu wake, ameuegemeza kwenye dashibodi, goti limekunjwa mpaka kidevuni.

"Kiti hiki cha kushoto kinabana," akasema. "Jumamosi tukirudishe nyuma kidogo. Kiasi cha kiganja."

"Sawa. Na pedeli niichomelee tena, niweze kuendesha kama binadamu."

"Pedeli usiguse."

"Mnyamwezi, kilomita karibu mia kwa mkono mmoja?"

"Babu zangu walikwenda mpaka pwani na pembe begani," akasema, akafungua mlango. "Wewe utakwenda Ipole na hendibreki. Nipe magongo."