Sauti Ndani ya Kamba

Sauti ile ilikuwa ya nani?

Katani alisimama katikati ya banda refu la wasokota kamba, mikono ikinuka lami, akaikodolea macho kamba yake kana kwamba si yeye aliyeisokota. Ilikuwa imekazwa kutoka mhimili hadi mhimili, jiwe la kupimia likining'inia kwenye ncha yake, nayo ilikuwa inaimba. Hilo peke yake halikuwa ajabu. Katika bandari ile kila kamba iliyosokotwa vyema huimba ikibebeshwa uzito, na huimba kwa sauti ya yule aliyeufundisha mkono wa msokotaji. Ndiyo maana mtihani wa kuingia chamani haukuwa na karatasi. Jiwe lilitundikwa, watu wakatega masikio, na mafundi wazee wakaitambua sauti ya baba wa huyu au babu wa yule, wengine wakiwa wamekwisha kuzikwa miaka mingi.

Siku hiyo wote walitarajia sauti ya baba yake. Mzee mwenyewe alikuwa amekwisha kujiweka sawa kola ya shati, tayari kupokea pongezi. Badala ya sauti yake nzito kukatoka mvumo wa mwanamke: wimbo usio na maneno, wa chini, wenye joto, uliokatika kila baada ya pumzi chache kana kwamba mwimbaji amekumbuka jambo, kisha ukaendelea pale pale ulipoishia.

"Huyo ni nani?" aliuliza Fundi Mkuu.

"Sijui," alijibu Katani, na hakuwa akidanganya. Jina hilo binti huyu alipewa na mafundi kwa sababu ya nywele zake ngumu za rangi ya majani makavu, naye alilizoea hata akalipenda. Leo lilimkalia kifuani kama la mtu mwingine.

"Labda marehemu mama yake," mtu mmoja alinong'ona.

"Wifi yangu?" shangazi yake alidakia kutoka benchi la nyuma. "Wifi yangu akiimba, hata panya walihama nyumba!"

Watu walicheka. Ni Katani peke yake aliyeona kwamba shangazi, aliyezoea kucheka vichekesho vyake mwenyewe kabla ya wengine, safari hii hakucheka kabisa.

Mzee mmoja mwenye masikio makali alisogea hadi kwenye kamba, akaiinamia, akarudi nyuma kama aliyeungua. "Wimbo huu ni wa upande wa pili wa ukuta," alisema.

Waliokuwa karibu na kamba nao wakasogea mbali.

Upande wa pili wa ukuta waliishi washona matanga. Bandari ile haikuwa na mfalme wala gavana. Ilitawaliwa na vyama vya mafundi, na kati ya vyama vyote hakuna viwili vilivyochukiana kama hivi. Ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya upana wa kidole kimoja: pale kamba inaposhonewa kwenye ukingo wa tanga, ni kamba au ni tanga? Kila chama kilidai ni kazi yake. Kwa hiyo kila meli iliyoondoka ilishonwa ukingo mara mbili, mara ya kwanza na hawa, ya pili na wale, na kila upande uliapa kwamba mshono wa mwenzake ndio utakaokatika. Wageni walilichekea jambo hilo. Wenyeji hawakulicheka, walikuwa wamenyimana wachumba kwa ajili yake.

"Siku tatu," alisema Fundi Mkuu. "Utuambie mwenye sauti, tujue kama kuna siri iliyoibwa. La sivyo utaifumua mbele yetu, na utakaa mwaka mzima chini ya mkono wangu hadi sauti hiyo itoke."

Katani alimkuta shangazi jikoni akimenya vitunguu, ijapokuwa vilivyokwisha kumenywa vilitosha kulisha mtaa.

"Shangazi."

"Usiniangalie hivyo. Unaniangalia kama nimemeza ufunguo wa bandari."

"Umemeza kitu."

Shangazi aliweka kisu chini, akajifuta macho kwa kifundo cha mkono, na haikujulikana kama ni vitunguu. "Mama yako alipojifungua, kifua kilimbana. Maziwa yakakauka. Mtaa wetu wote hakuna mwanamke aliyethubutu kukugusa, wakihofia ugonjwa. Baba yako alikuwa bandani tangu alfajiri. Akirudi jioni anakukuta umeshiba, umelala, anashukuru. Hakuuliza umeshibia wapi." Alivuta pumzi. "Zamani ukuta ulikuwa na mlango, mwanangu. Kila asubuhi nilikupitisha pale. Kulikuwa na mshona matanga aliyekuwa amezika kichanga chake mwezi ule ule. Nilibisha tu. Sikuwa na hata neno la kumwambia. Alikutazama, akafungua vifungo vya blauzi."

"Muda gani?"

"Miaka mitatu. Hata ulipoacha kunyonya ulimlilia, nikawa nakupeleka. Alikuwa akisokota uzi wake wa kushonea juu ya paja, nawe unakaa pembeni unamwiga na vipande. Kisha mlango ukapigiliwa misumari, mama yako akafariki, nami nikafunga mdomo. Ningesema nini? Wangekuita mtoto wa adui."

Kesho yake asubuhi Katani alizunguka kupitia gati, njia ya nusu saa kwa nyumba iliyokuwa hatua ishirini kutoka kwao. Aliusikia wimbo kabla hajauona mlango. Ulikatika, ukaendelea, na alipochungulia akajua kwa nini. Bibi mmoja alikuwa ameketi juu ya rundo la magunia, akivuma huku sindano imebanwa kati ya meno. Kila alipoitoa kushona, wimbo ulisita; alipoirudisha, ulirudi. Katani alishika fremu ya mlango. Kumbe kile ambacho kamba yake ilikihifadhi kwa uaminifu wote huo hakikuwa huzuni wala fumbo. Kilikuwa sindano.

"Ingia au toka," alisema bibi bila kuinua macho. "Unanizibia mwanga."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Gunia la nani hilo?"

"Sikuja na gunia."

Bibi aliinua uso. Hakumtazama usoni kwanza; alimwomba mkono, akaugeuza kiganja juu, akakibonyeza kidole gumba.

"Bado kinatangulia unaposokota," alisema. "Nilikukataza. Ulikuwa mbishi tangu huna meno."

Katani alipiga magoti sakafuni kando yake. Alikuwa amekuja na maneno aliyoyapanga njia nzima, mazuri, yenye adabu, na yote yalimtoroka.

"Kwa nini hukuniita? Miaka yote hii, ukuta mmoja tu."

"Nikuite nikwambie nini? Nirudishie maziwa yangu?" Bibi alicheka, kicheko kifupi cha mtu aliyezoea kucheka peke yake. "Ulikuwa unapita gatini na baba yako, umenenepa, una viatu. Nikasema, haya."

Ndipo Katani alipoyatazama magunia. Washona matanga hawakushona magunia. Hiyo ilikuwa kazi ya walioadhibiwa. Bibi aliona macho yake yanakokwenda.

"Walijua," alisema kwa upole. "Mtu alituona mlangoni. Wakanitoa kwenye matanga. Lakini gunia nalo lina mshono, mwanangu, na ukilishona vibaya mchele unamwagika vilevile." Alichukua uzi, akaulenga kwenye tundu la sindano, akakosa, akaulamba, akakosa tena. "Nimesikia habari za kamba yako. Mji huu hauna siri. Ifumue. Usipoteze banda zima kwa ajili ya bibi mmoja. Miaka mitatu nilikuwa na mtoto. Nilikwisha kulipwa."

Katani aliichukua sindano mkononi mwa bibi bila kuomba ruhusa, akatunga uzi, akairudisha. Kisha akatunga ya pili na ya tatu, akazichomeka kwenye gunia kwa mstari. Walikaa hadi jua likapanda dirishani, mmoja akishona na mwingine akitunga, wakizungumza mambo ya hivi hivi: bei ya samaki, jirani mwenye mbwa, meno. Hakuwahi kujua kwamba shukrani ina uzito unaoweza kuubonyeza mwili. Alihisi kama ile kamba, amekazwa, na kitu kisicho chake kikiimba ndani yake.

Asubuhi ya siku ya tatu alimweleza baba yake wakiwa njiani kwenda bandani. Hakuficha kitu. Mzee alisimama karibu na mapipa ya lami.

"Mlango ule niliupigilia mimi," alisema. "Walinipigia makofi." Kisha akauliza, "Alikuwa akikuimbia kila siku?"

"Kila siku, baba."

"Mimi sikuwahi." Akaendelea kutembea, polepole, kama mtu aliyevaa viatu visivyo vyake.

Banda lilijaa. Fundi Mkuu aliagiza jiwe litundikwe, na wimbo ukajaza paa.

"Mwenye sauti ni mshona magunia wa nyuma ya ukuta wetu," alisema Katani. "Alininyonyesha mama yangu alipokuwa hawezi. Uzi wangu wa kwanza niliusokota pajani pake. Hakuna siri iliyoibwa, kwetu wala kwao. Kuna mtoto aliyekuwa na njaa."

Minong'ono ilipanda, ikashuka. Fundi Mkuu alikuna kidevu. Hakuwa mtu mbaya, na uso wake ulionyesha kwamba angependa jambo hili liishe bila mtu kuumia.

"Basi ifumue, binti. Mwaka mmoja ni mfupi. Hakuna atakayekuuliza tena."

"Na mlango ule ukoje siku hizi?" Katani aliuliza, na hakuna aliyemwelewa isipokuwa mtu mmoja.

"Misumari saba," alisema baba yake kutoka benchini. Sauti yake ilikwaruza. Aliinuka, akavua koti, akalikunja. "Miwili ya chini nilipinda ncha zake. Hiyo itahitaji mtaimbo."

Shangazi alianza kulia kwa sauti kubwa, huku akimwambia aliyeketi kando yake kwamba ni vitunguu.

Katani aliwageukia mafundi.

"Sifumui, Fundi. Mkininyima nafasi bandani nitasokota uani kwetu, na anayetaka kamba atanikuta huko. Ila asubuhi msinitafute. Kuanzia kesho, asubuhi zangu zote ni za bibi, kumtungia uzi, kwa sababu macho yake yamechoka. Na sitazungukia gatini. Nitapita mlangoni."