Mwiba wa Ngege

Samaki wale aina ya ngege walitoka kwenye vidimbwi vya Waithaka, mfugaji wa Kabiria, na Peres, muuza samaki wa soko la Kangemi, aliona mapema kwamba hawakuwa sawa. Macho yalikuwa yametokeza, matumbo yana madoa mekundu.

"Ni baridi tu, mama," Waithaka alimwambia. "Maji yamepoa wiki hii."

Peres akawachukua. Alipokuwa akiparua magamba nyumbani, mwiba wa pezi ukamchoma kidole gumba. Akafyonza damu, akaendelea.

Asubuhi mkono ulikuwa umevimba hadi kwenye kiwiko, na homa ikamtetemesha mpaka meno yakagongana. Mumewe Tobias, fundi wa mbao, akampeleka hospitali huko Parklands, kisha akarudi nyumbani.

Daktari aliutazama mkono kwa muda. "Unafanya kazi gani?"

"Nauza samaki."

"Kuna bakteria wanaoua samaki wa kufugwa. Samaki akiiva vizuri, huna haja ya kuogopa. Lakini bakteria hao wakipitia kwenye kidonda, wanaingia kwenye damu. Ungechelewa zaidi, mkono huu tungeukata." Akamtundikia dripu. "Nani mwingine anawashika samaki hao?"

Peres alitaka kusema hakuna. Ndipo alipokumbuka beseni la samaki waliobaki, alilolifunika kwa barafu, na maneno ya Tobias wakiagana: "Usijali kuhusu samaki wako." Mikono ya Tobias haikosi michubuko ya msumeno.

Alimpigia. Simu imezimwa. Akapiga tena, jasho likimtiririka. Mwishowe akampigia jirani yao, Mwihaki.

"Kimbia kwangu! Mwambie Tobias asiguse hao samaki!"

Alisikia viatu vikikimbia, mlango ukisukumwa, kisha Mwihaki akipiga kelele: "Tobias, wacha! Wacha hiyo samaki!"

Mwihaki akampa simu. Halafu sauti ya Tobias, ya upole: "Peres? Nimemaliza kuwaparua wote. Nilitaka ukirudi upumzike."

"Umejichoma?"

"Kidogo tu, hapa kwenye kidole."

Peres akapiga yowe hadi wauguzi wakaja mbio.

Mwihaki alimnawisha Tobias kwa sabuni na maji mengi, akamleta hospitali bila kumruhusu hata kubadilisha shati. Akapewa dawa. Samaki wote wakazikwa, na Waithaka, aliyepigiwa simu, akakiri kwamba wengine walikuwa wakifa vidimbwini.

Tobias hakuugua. Peres alipona, ila kidole gumba hakikunjiki tena. Hata sasa, mumewe akilala, yeye huwasha taa ya simu na kuichunguza mikono ya Tobias, akitafuta wekundu.