Likizo ya Dama

Ijumaa baada ya chakula cha mchana, Dama alikuwa kibarazani kwake Mishomoroni, simu mkononi, akiwaelekeza madereva wa malori ya kampuni moja ya Changamwe. Kazi yake ilikuwa kujibu. Dereva akikwama Mariakani, ajibu. Mteja akiuliza kontena lake liko wapi, ajibu. Alijibu akisonga sima, akajibu kanisani, akajibu hata chooni. Alikuwa amechoka mno, machozi yakimtoka na yeye halii.

Aliomba likizo. Bosi wake, Justus, alimwandikia kwamba kwa sasa likizo haipo, labda afiwe.

Dama hakuwa na wa kumfia. Kwao alibaki shangazi yake tu, Jumwa, aliyemlea, naye alikuwa mzima wa afya. Basi akaizima simu, akaiweka juu ya kabati, akajinyoosha mkekani akafa yeye.

Matanga yalifana. Ndugu wa kanisa walitoka Junda na mikeka yao, wanawake wakapika, kwaya ikaimba. Marehemu alilala katikati yao kwa raha zake. Mara moja aligeukia ubavu wa pili, Jumwa akamfunika leso vizuri.

Tatizo ni kwamba Jumwa alimpenda kupita kiasi. Siku ya mazishi alimpangia vitu vyake ndani ya jeneza: leso mbili, kitana, Biblia. Kisha akaikumbuka simu.

"Mama, hiyo iache," alisema jirani yao, Mwarandu. "Mwache apumzike."

"Mwanangu, wewe humjui. Hii ndiyo roho yake. Hata nikimpakulia chakula hakuitua. Leo ndiyo nimnyime?"

Akaiwasha, akamtia kiganjani. Vidole vya marehemu vikaishika.

Kaburi lilikuwa halijajaa udongo ujumbe wa kwanza ulipoingia. Mchungaji alingoja mlio uishe, akaendelea na sala. Kwenye kundi la kazi Justus alikuwa ameandika: "Poleni sana familia. Dama, lori la Kahindi limefika Voi?"

Jibu lilichelewa kidogo, maana kule chini mkono haukuwa na nafasi. "Bado, bosi. Namuuliza."

Madereva walizoea upesi. Kahindi alisema afadhali sasa, mtandao wake haukatiki. Chaji nayo haikuisha. Jumwa alikuja kila akitoka ibadani, akaketi kando ya kaburi akasikiliza ile milio, akafurahi kwamba mtoto wake hajasahauliwa na watu.

Mwezi wa pili kaburini, Dama alishindwa kabisa. Alimwandikia Justus peke yake, nje ya kundi. Alimsihi kwa jina la Mungu ampe siku moja tu, aizime simu, asiulizwe kitu.

Justus alishangazwa sana na ombi hilo.

"Dama, wenzako wako barabarani," aliandika. "Wewe umelala kutwa. Na kwa kuwa kanisani huendi tena, shika na zamu ya Jumapili."